Shela la Jiwe na Pazia la Wodi

Mabibi harusi huja kwake wakifuatana na mama zao, wakiuliza kama hapa ndipo kwa Mama Shela. Naye huwajibu ndiyo, mmefika, ila shela ninaloshona mimi halivaliwi na mtu, huvaliwa na jiwe. Hapo mama wa bibi harusi humtazama mwanawe, mwana naye humtazama mama, na Mama Shela huwacheka mpaka akafuta machozi kwa kipande cha kitambaa kilicho karibu. Kisha huwaelekeza kwa fundi wa mtaa wa pili, maana huyo ndiye anayeshona mashela ya watu walio hai.

Ukweli wenyewe ni huu. Serikali ikijenga kitu, au ikianza kukijenga, au ikikumbuka tu kwamba iliwahi kusema itakijenga, husimamishwa jiwe lililochongwa jina la mheshimiwa fulani. Jiwe hilo hufunikwa kitambaa kizuri cha mahameli, mgeni rasmi huvuta kamba, kitambaa huanguka, watu hupiga makofi, na kila mtu hurudi kwake. Wengi huona kitambaa hicho ni jambo dogo. Lakini kikigoma kuanguka, mheshimiwa huaibika, na mheshimiwa akiaibika yupo mtu wa ofisini atakayehamishiwa kusikofika gari. Kwa hiyo ofisi ya wilaya ilipompata fundi ambaye vitambaa vyake huanguka kwa mvuto mmoja, haikumwachia tena.

Ofisa uhusiano wa zamani, mzee mwenye utani mwingi, ndiye aliyeanza kukiita kitambaa hicho shela. "Fundi, nishonee shela," alikuwa akimwambia kwenye simu. "Safari hii bibi harusi wetu ni kisima." Mara nyingine bibi harusi alikuwa daraja. Mara moja alikuwa choo cha soko, na siku hiyo Mama Shela alicheka mpaka akapinda mshono, ikabidi afumue aanze upya. Tangu wakati huo neno likawa la kazi. Hapakuwa na haja ya kueleza zaidi. Mzee akisema shela, fundi alijua ni upana gani, rangi gani na kamba ya upande gani.

Kazi hiyo imemsomeshea mwanawe wa pekee na kumwezekea nyumba, naye haionei haya hata kidogo. Ila mtu akiishonea serikali miaka yote hiyo huijua kwa upande wa nyuma wa kitambaa, pale zinapoonekana nyuzi. Kwa zahanati ya mtaa wao peke yake alishashona shela la jiwe la msingi, shela la kuta zilipopakwa rangi, na shela la awamu ya pili, ambayo hakuna aliyeweza kumweleza ilitofautiana vipi na awamu ya kwanza isipokuwa jiwe lake lilikuwa kubwa zaidi.

Mume wake ni dereva mstaafu wa gari la zimamoto. Kwa miaka mingi gari hilo lilifika kwenye moto likiwa na king'ora cha kupendeza na tangi tupu, na mzee husema huko ndiko alikosomea uchumi. Siku hizi hukaa barazani na redio yake, na siku ya kusomwa bajeti ya nchi hakuna anayeruhusiwa hata kukohoa. Wenzake husikiliza mpira kwa namna hiyo. Mtaani humwita Bwana Bajeti, naye jina amelipokea kwa mikono miwili.

"Mke wangu, njoo usikie," humwita. "Wametenga fedha za kuboresha maboresho."

"Umesikia vibaya."

"Nimesikia vizuri sana. Na kuna fungu la semina ya kubana matumizi. Itafanyika hotelini, siku kadhaa, na posho."

"Chakula kitakuwepo?"

"Wewe unadhani mtu anaweza kubana matumizi na njaa?"

Basi wote wawili hucheka, yeye na cherehani yake huku, mume na redio yake kule, na jioni yao hupita vizuri. Ni watu walioridhika, tuseme kweli. Wanaisema serikali kama mtu anavyomsema shemeji mlevi: huachi kumsema, lakini akibisha hodi unampa kiti.

Maneno ya mume yaliyomkaa zaidi Mama Shela ni yale aliyoyasema baada ya zahanati kuzinduliwa mara ya tatu. "Mtu akizimia unamzindua," alisema. "Ukimzindua mara moja, mbili, tatu, na bado hajazinduka, mke wangu, huyo si wa kuzinduliwa tena. Mwiteni mchimba kaburi."

"Na wewe mdomo wako! Unataka nikose kazi?"

"Wewe shona tu. Wakiacha kuzindua tutakula nini?"

Mambo yangeendelea hivyo hivyo, ya kucheka na kusahau, kama si habari ya mkwe.

Mwana wao ni fundi wa majokofu, na kazi humpeleka mbali kwa miezi. Mkewe, mwalimu wa chekechea, anaishi na wakwe zake. Ni binti mwenye aibu ya kupitiliza. Huimba na watoto darasani mpaka mtaa unasikia, lakini mtu mzima akiingia sauti humkauka. Mimba hii ilikuwa ya kwanza, na ilipofika mwishoni presha yake ikaanza kupanda na kushuka. Sista wa zahanati, mwanamke mwenye sauti ya kijeshi na mikono laini, alimwonya asiende mbali: siku yoyote uchungu ukianza, aje hapo hapo.

Sasa ile zahanati, pamoja na yote tuliyoisema, ilikuwa imepata wodi ya wazazi. Ilikuja polepole, vitanda kwanza, baadaye magodoro, baadaye tangi la maji, lakini ilikuja, na akina mama walikuwa wameshaanza kuzalia humo kwa sababu watoto hawasubiri mgeni rasmi. Kitu kimoja tu hakikuwepo. Kilikuwa chumba kirefu, vitanda vimepangwa sambamba, madirisha yanatazama njia ya watu, na kati ya kitanda na kitanda hakuna hata kipande cha kitambaa. Mabomba ya kutundikia mapazia yalikuwepo juu ya kila kitanda, kwa kuwa ramani iliyachora. Mapazia hayakuchorwa. Mwanamke alijifungua huku jirani yake akimtazama, na mume wa jirani akiingia na chupa ya uji, naye alitazama.

Mkwe alichungulia mle siku moja alipokwenda kliniki. Akarudi nyumbani, akavua viatu, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi nitaenda kujifungulia kwetu."

Kwao ni mwendo wa kutwa nzima kwa basi, barabara yenyewe ni ile iliyotengewa fedha kila bajeti. Mama Shela akaweka mkasi chini.

"Sista amekukataza safari, mwanangu. Na presha hiyo?"

"Najua, mama. Lakini siwezi kuzaa mbele za watu kama niko sokoni. Siwezi. Nitakufa kwa aibu kabla ya kitu kingine." Na mkoba wake akauweka karibu na mlango, nguo za mtoto zimekunjwa juu.

Mama Shela alishikwa na hofu ya kweli, si ya mchezo. Alishawahi kusikia ya mwanamke aliyepatwa na uchungu ndani ya basi, na hakutaka kuyasikia tena, sembuse nyumbani kwake. Kesho yake akaenda zahanati kumwona sista, kumbembeleza kama kuna chumba cha pembeni. Hapakuwa na chumba cha pembeni. "Mapazia nimeyaomba tangu nywele zangu nyeusi," sista alisema. "Naambiwa hayamo kwenye fungu. Fungu la uzinduzi limo. La mapazia halimo."

Alipotoka nje akapita mbele ya mawe yake. Yalikuwa yamesimama ukutani, hili na hili na hili, kila moja aliwahi kulivisha mahameli kwa mikono yake. Jiwe lilisitiriwa, mtu hakusitiriwa. Alisimama pale akajisikia vibaya, na hakuwa amezoea kujisikia vibaya kwa sababu ya kazi yake.

Wiki hiyo hiyo simu ikalia. Yule ofisa mzee alikuwa ameshastaafu, na mahali pake pamekaa kijana msomi, mwepesi wa maneno, aliyekuwa akizungumza na simu mbili kwa wakati mmoja.

"Mama fundi? Tunahitaji pazia la wodi ya wazazi."

Mama Shela akahisi moyo umeruka. "Pazia la wodi?"

"La wodi, ndiyo. Mheshimiwa anakuja kuizindua. Liwe la heshima... Hapana, si wewe, naongea na mtu wa viti."

"Nikapime mwenyewe?"

"Kapime, mama, wewe ndiye fundi. Kitambaa chukua pale pale dukani mnapochukua siku zote, ofisi itamalizana nao. Shona inavyotakiwa." Simu ikakatika.

Alikaa na ile simu mkononi. Kijana hakusema shela. Kama angesema shela, au kitambaa cha jiwe, habari hii isingekuwepo. Alisema pazia la wodi, na katika Kiswahili cha watu wote pazia la wodi ni pazia la wodi.

"Mwanamke, umesikia sawasawa?" Bwana Bajeti aliuliza.

"Nimesikia. Siku zote unasema hawafanyi kitu. Leo wamefanya, huamini."

"Serikali yako hii? Inunue mapazia ya ndani, ambako hayapigwi picha?"

"Sista naye si serikali? Mbona anakuja kazini kila siku?"

"Sista ni sista," mume alisema, lakini alipunguza sauti ya redio, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata waziri alipokuwa akisoma. Akafikiri. Halafu akasema, "Basi huenda wamezinduka." Na akaamka kumsaidia kukata.

Mahameli hakuyagusa. Alichagua pamba ya kijani, nyepesi, inayofulika na kukauka haraka, akayashusha mapazia marefu ili hata miguu isionekane. Alishona kwa raha ambayo hakuwahi kuipata kwenye mashela. Mume alifunga pete za juu, akilalamika kwamba macho yake yalizoea kutazama barabara si sindano, na mkwe alikunja yaliyokamilika. Sista mwenyewe alipanda juu ya kiti kuyatundika, akiwapigia kelele wauguzi wadogo wamshikilie vizuri.

Lilimchoma jambo moja tu. Siku ya kutundika, mafundi walikuwa wameshalijengea jiwe jipya kando ya mlango wa wodi, na lilikuwa tupu, halijavishwa kitambaa. Akajisemea kumbe shela wamempa fundi mwingine. Hakuuliza, kwa sababu mtu haulizi kwa nini hakuitwa. Na akajituliza kwamba kama ni kuchagua, basi kazi aliyopewa yeye ndiyo yenye maana.

Mkwe aliletwa kuona. Aliingia kwenye kitanda cha mwisho, akavuta pazia pande zote, akakaa humo. Kisha sauti yake ikatoka ndani ya kile kijani. "Mama, humu mtu anaweza kulia na asionekane."

"Lia upendavyo, mwanangu."

"Basi siendi." Na jioni hiyo mkoba uliondolewa mlangoni.

Uchungu ulimshika alfajiri ya siku ile ile ya uzinduzi. Mtoto aliichagua mwenyewe, babu yake alisema baadaye, kwa sababu alitaka kuzaliwa na king'ora. Walimfikisha zahanati jua linachomoza, wakati vijana wanapanga viti na kujaribu vipaza sauti. Sista akampeleka kitanda cha mwisho, akavuta pazia, akaufungia ulimwengu wote nje. Vitanda vingine siku hiyo vilikuwa vitupu, vimetandikwa vizuri kwa ajili ya wageni, mapazia yake yamevutwa pembeni. Mama Shela akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda cha mwisho, upande wa nje, akisikiliza.

Hapo ndipo alipoingia ofisa kijana, tai imepinda, jasho linamtoka.

"Mama! Pazia liko wapi?"

"Si haya, mwanangu. Nimeshatundika yote."

"Yote?" Kijana akageuza kichwa, akaona kijani mwanzo wa wodi mpaka mwisho. "Mama, mimi nilisema pazia la wodi!"

"Na haya ni nini?"

"La jiwe! Pazia la jiwe la uzinduzi wa wodi! Jiwe liko uchi pale nje!"

"Ahaa," alisema Mama Shela. "Hilo mbona linaitwa shela?"

"Shela gani tena, mama?"

Yalimjia yote kwa mpigo. Hapakuwa na fundi mwingine. Hapakuwa na serikali iliyozinduka. Palikuwa na kijana mwenye simu mbili, na yeye mwenyewe aliyesikia neno alilokuwa akilitamani. Kitambaa cha ofisi alikuwa amekikata vipande na kuwasitiri wanawake, bila ruhusa ya mtu. Aliogopa. Alimwona kijana naye anaogopa, macho yamemjaa maji, na akamhurumia, kwa kuwa alikuwa mtoto wa mtu na leo alikuwa amekwisha.

"Toa moja hapo, ukafunike," alimwambia, akimwonyesha kitanda kitupu. Kijana akarukia kiti, akaanza kuhangaika na pete. Lakini Bwana Bajeti alikuwa amezifunga pete zile kama mtu anayefunga ngazi ya zimamoto, na kabla ya ya kwanza kuachia, king'ora kikasikika getini. Mheshimiwa alikuwa amewahi. Katika historia ya wilaya hakuna mheshimiwa aliyewahi kuwahi.

Yaliyotokea nje Mama Shela aliyasikia tu. Ngoma za spika, makofi, mshereheshaji akipasua koo, "Sasa mgeni rasmi atavuta kamba!" Halafu kimya, maana hapakuwa na kamba. Halafu kicheko kimoja kirefu kutoka nyuma ya viti, kicheko ambacho alikijua, alikuwa ameolewa nacho. Halafu mnong'ono, na sauti ya mshereheshaji ikarudi kwa nguvu mpya. "Ndugu wananchi, tofauti na miaka yote, leo mgeni rasmi ataizindua wodi yenyewe, ndani, kwa kufungua pazia!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi, na viatu vikaanza kuingia.

Waliingia wengi: mheshimiwa mbele, mwanamume mnene mwenye uso wa upole, nyuma yake wasaidizi, nyuma yao kamera na taa zake. Wakatazama huku na huku kutafuta pazia la kufungua. Mapazia yote yalikuwa wazi. Moja tu, mwisho kabisa, lilikuwa limefungwa. Ofisa kijana akalionyesha kwa mkono. Hakujua kilichomo. Msafara ukaanza kutembea kuliendea, taa mbele.

Mama Shela alisimama. Miaka yote ya mashela hakuwahi kusimama mbele. Mahali pake palikuwa nyuma, karibu na kamba, asionekane, iwapo kitambaa kitagoma. Sasa kamera ilimmulika usoni, na nyuma yake, kwenye kitambaa chepesi, alisikia mkwe akivuta pumzi na kuishikilia. Alikuwa amevisikia viatu. Alikuwa amejinyamazisha kwa aibu, katikati ya uchungu, na presha ile ile ya kuogopesha, na hilo lilimtia Mama Shela hasira aliyokuwa hajui kama anayo.

Mheshimiwa akanyoosha mkono, akitabasamu kwa kamera.

"Samahani, mheshimiwa," Mama Shela alisema. "Hili halifunguliwi."

Kijana akamshika kiwiko. "Mama, tafadhali. Sekunde moja tu, picha moja."

Alijua anachokitupa. Kazi ya ofisi, kitambaa cha watu, paa lake na jina lake. Lakini hakuondoka.

"Mimi ndiye fundi," alisema. "Yote mliyowahi kuyavuta nimeyashona mimi, na niliyashona yafunguke. Hili nimelishona lifungwe. Humu kuna mtu anazaa."

Ndani ya pazia pumzi ile iliyozuiliwa ikashindwa kuzuilika, ikatoka kwa kilio kirefu, na kila mtu mle akatazama chini. Mkono wa mheshimiwa ulikuwa bado uko juu. Akaushusha polepole.

"Zimeni hizo," aliwaambia watu wa kamera, kwa sauti ya kawaida, isiyo ya kipaza sauti. Taa zikazimwa. Kwenye ukingo wa pazia palikuwa pamebaki nafasi ndogo, ya kupitisha kiganja, pale Mama Shela alipokuwa akipitishia maji. Mheshimiwa akaiona. Akageuza uso pembeni, akashika ukingo kwa vidole viwili, akauvuta mpaka ukagusa ukuta.

"Makofi kwa mheshimiwa!" mshereheshaji alipaza, kwa mazoea tu, maskini, na wawili watatu wakaanza kupiga.

"Kelele!" sauti ya sista ilitoka ndani kama risasi. "Nje wote!"

Na serikali ikatoka. Ilitoka kwa ncha za vidole, wasaidizi, kamera, ofisa na tai yake, kila mmoja akimwashiria mwenzake anyamaze. Huko nje mheshimiwa alizungumza kidogo sana. Bwana Bajeti alishuhudia kwamba hotuba haikuwa na asilimia hata moja na hakuna kilichoahidiwa, na kwamba alitamani kuisikia tena. Jiwe halikufunikwa wala kufunuliwa. Watu walisoma jina wenyewe walipokuwa wakipita kwenda kuchukua soda.

"Kwa mara ya kwanza wamezindua kitu kwa kukifunga," mzee aliwaambia wenzake, akifuta macho.

Kabla ya kuondoka, ofisa kijana alirudi mlangoni akamwita Mama Shela kwa kidole. Alikuwa ametulia kidogo. Mheshimiwa hakumsema, alieleza, isipokuwa alimuuliza mapazia yale yametoka fungu gani, naye akajibu kwamba suala hilo liko kwenye mchakato.

"Na dukani nao wasubiri mchakato?"

"Nitajitahidi, mama."

Hakumwamini sana, wala hakumchukia. Alimnyooshea tai yake ikakaa katikati, akamwambia safari ijayo aseme shela. Kijana akaitikia, akalirudia neno lile mara mbili asije akalisahau, akakimbilia gari.

Adhuhuri ilipopita, mtoto akaja, wa kike, mwenye mapafu ya zimamoto. Sista alimkabidhi kwa bibi yake akiwa amefungwa vizuri, akasema presha imetulia na mama mtu yuko salama. Mama Shela alilia bila kujizuia. Akaingia ndani ya kijani, akavuta ukingo nyuma yake, akamlaza mtoto kifuani kwa mama yake na kukaa ukingoni mwa kitanda.

Mkwe alikuwa amelala macho, amechoka, anatabasamu na dari. Akamgusa mtoto masikio. Kisha akauliza, sauti bado imekauka.

"Mama, asubuhi nilisikia viatu vingi. Walikuwa akina nani?"

"Ilikuwa serikali, mwanangu."

"Ilitaka nini?"

"Ilikuja kuona."

Mkwe akashtuka, akajivutia shuka mpaka shingoni. "Ikaniona?"

"Haikuona kitu," Mama Shela alimwambia. "Lala."